Barua alizoandika mwandishi mwenyewe huwa zinaishia wapi? Mi nimebaki na majibu tu

Mwana wa Kurasa

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya nyaraka, hasa wanaofanya kazi maktaba au waliowahi kuhangaika kutafuta barua za mtu kwenye hifadhi.

Kwa muda sasa naandika wasifu wa mwandishi mmoja aliyefariki zamani kidogo. Jina nalihifadhi kwanza maana watoto wake wameniruhusu nisome vitu vyake ila wenyewe hawajakubaliana kama vitangazwe, nataka niheshimu hilo. Walinikabidhi sanduku moja la bati. Ndani kuna madaftari manne, muswada wa riwaya ambayo haikuwahi kuchapwa, umepigwa taipu na pale pini ilipokaa karatasi imeliwa na kutu, halafu kuna barua, nimezihesabu zimefika 214. Nilifurahi mno, nikajua sasa kazi imeiva.

Shida nikaiona nilipoanza kusoma. Zote ni barua alizoandikiwa. Alizoandika yeye hakuna hata moja. Yaani ni kama umekaa karibu na mtu anaongea na simu, unasikia upande mmoja tu. Kuna rafiki yake anaanza hivi: "Barua yako ya tarehe 9 imenifikia, nimeisoma mara tatu, sikubaliani nawe kuhusu mwisho wa kitabu ila sasa naelewa kwanini ulikimaliza vile." Basi, anahamia habari za watoto. Sasa alimwambia nini kuhusu mwisho wa kitabu? Hilo ndo swali ninalolizunguka mwaka wa pili huu, kwanini ule mwisho uko vile, kumbe jibu aliliandika kabisa, akalitia kwenye bahasha likaenda zake.

Nimetafuta jina lake mtandaoni pamoja na maneno kama nyaraka, barua, miswada, nimepekua katalogi za maktaba tatu kubwa, hakuna mkusanyiko wenye jina lake popote. Hivi kwa kawaida barua za mwandishi zinahifadhiwa wapi? Kuna sehemu moja ya kuangalia au kila mtu anabahatisha? Au ndo nikubali zimepotea?

Mama Majalada

Usikubali mwanangu, bado mapema sana. Na hongera kwa kukabidhiwa hilo sanduku, si kila familia inafungua. Mimi nimetunza nyaraka miaka mingi, sasa nimestaafu, kwahiyo nitakujibu kwa kirefu univumilie.

Ushike jambo moja kwanza, mengine yatafuata. Barua ni mali ya aliyeipokea. Karatasi yenyewe nasema, maana maneno yaliyomo hakimiliki yake inabaki kwa aliyeandika na warithi wake, hilo tutalirudia. Mwandishi akishaitia posta ameiaga. Kwahiyo ukitafuta kwa jina lake utapata vile alivyobaki navyo yeye, yaani alivyoandikiwa, na hivyo tayari unavyo kwenye sanduku. Alivyoandika vimelala kwenye maboksi ya watu wengine chini ya majina ya watu wengine. Acha kumtafuta yeye, watafute waliokuwa wanaandikiana naye. Na una bahati wewe, orodha ya watu hao unayo mkononi, ni zile saini zilizo chini ya barua zako 214.

Angalia Shaaban Robert. Barua zake tunazo leo kwasababu ndugu yake, Yusuf Ulenge, alizitunza, za kuanzia 1931 mpaka 1958, na Profesa Mulokozi akazihariri zikachapwa na TUKI mwaka 2002. Miaka ishirini na saba mtu anapokea barua za ndugu yake na hatupi karatasi! Ulenge angekuwa mtu wa kusafisha nyumba kila mwisho wa mwaka, leo tungekuwa na mashairi na vitabu tu, yule Shaaban anayemwandikia ndugu yake kama ndugu tusingemjua.

Mfano mwingine mshairi T. S. Eliot. Alimwandikia rafiki yake Emily Hale barua 1,131. Huyo mama mwaka 1956 akazitoa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Princeton kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 50 tangu afariki wa mwisho kati yao wawili. Hale ndiye aliyekuwa wa mwisho, alifariki 1969, na barua zikafunguliwa kwa wasomaji Januari 2020. Na barua za Hale kwenda kwa Eliot? Eliot aliagiza ziharibiwe. Kwahiyo kule ni kinyume cha kwako, aliyeandika tunamsikia na aliyejibu hatumsikii tena. Mwandishi Kafka hivyohivyo, barua zake kwa mchumba wake Felice Bauer zipo mamia kwasababu Felice alizibeba mpaka Marekani, za Felice kwenda kwa Kafka hazipo.

Kwahiyo hatua ya kwanza, kaa na hizo barua uandike majina yote, hata yule aliyeandika mara moja. Weka jina, mwaka wa kwanza, mwaka wa mwisho, na idadi. Aliyeandika barua 40 kwa miaka 15 huyo ndo wa kuanza naye.

Halafu kuna milango ambayo watu wanaisahau. Mmoja ni mchapishaji. Mwandishi anagombana na mchapishaji kuhusu kila kitu, jalada la kitabu, malipo, sura ya mwisho, na ofisi ile inafaili barua yake pamoja na kopi ya jibu walilompa. Hapo unapata pande zote mbili kwenye faili moja! Mafaili ya Heinemann, wale waliotoa vile vitabu vya waandishi wa Afrika kuanzia 1962, yapo Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Mlango mwingine ni redio. BBC ina hifadhi yake ya maandishi pale Caversham, inatunza mafaili ya watu waliochangia vipindi, na waandishi wengi sana walikuwa wanaishi kwa hela za redio. Kulikuwa pia na Transcription Centre ya London, ilirekodi waandishi wa Afrika miaka ya sitini, nyaraka zake zilikwenda Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin. Ungewaza kwenda Texas wewe?

Huyu mwandishi wako aliwahi kusikika redioni? Na mchapishaji wake bado yupo?

Hamu ya Wino

Hii mada nzuri sana. Naongezea kwa Mama Majalada hapo kwenye "majina ya watu wengine", kwa fasihi yetu ya zamani ndo balaa zaidi, maana hata mkusanyiko wa mashairi mara nyingi unaitwa kwa jina la aliyekusanya na sio aliyetunga. Mi nilikuwa natafuta miswada ya Muyaka bin Haji, yule mshairi wa zamani wa Mombasa, nikaandika Muyaka Muyaka kwenye katalogi, nikawa sipati kitu cha maana. Kumbe kule kwenye maktaba ya chuo cha SOAS, London, natakiwa niandike Taylor. Yule mmisionari W. E. Taylor alikusanya tungo hizo Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, ambaye ndiye aliyekuwa anajua zimetungwa lini na kwa sababu gani, halafu baadaye Hichens akazihariri zikatoka kitabu 1940. Kwahiyo mtunzi ni Muyaka, aliyeokoa ni Sikujua, lakini lebo ya boksi inasema Taylor. Iliniuma kidogo. Na kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna miswada mingi ya Kiarabu na Kiswahili, nayo inaitwa mkusanyiko wa Allen, jina la aliyekusanya tena.

Kwahiyo mleta mada jiulize pia nani alikuwa anapita kwa huyu mwandishi akikusanya vitu. Mtafiti wa kigeni, mwalimu wa chuo, mtu wa kurekodi. Anaweza akawa aliondoka na bahasha akisema "nitairudisha".

Mwana wa Kurasa

Mungu awabariki jamani, mmenifungua macho. Mama Majalada, redioni alisikika ndio, alisoma hadithi fupi kama mbili tatu, na mchapishaji wake alikufa kibiashara, alinunuliwa na kampuni nyingine nayo ikanunuliwa. Na Hamu ya Wino umenikumbusha, kuna barua sita za mtu mmoja anaandika "asante kwa kuniazima madaftari". Madaftari! Kwenye sanduku yapo manne na yamepewa namba, namba 1, 2, 5 na 6. Sikuwahi kujiuliza 3 na 4 yako wapi, nilidhani alikosea kuhesabu.

Kiti cha Mbele

Mi nina hasira na hili jambo nisiseme uongo. Mtu akitaka kusoma miswada ya Chinua Achebe aende Harvard, maktaba ya Houghton. Wole Soyinka hukohuko Houghton. Nadine Gordimer yuko maktaba ya Lilly, Indiana. J. M. Coetzee mwaka 2011 na García Márquez mwaka 2014 wote Texas, huyo wa pili wao walilipa dola milioni 2.2. Sasa kijana anayetoka alikotoka mwandishi, anayeongea lugha yake, anayejua harufu ya mvua anayoiandika, ndo anaombwa viza na nauli ya ndege ili asome barua ya babu yake wa fasihi. Hii si sawa kabisa. Mleta mada hata ukizipata hizo barua, familia isiuze lile sanduku nje nakuomba sana.

Na wasikwambie haiwezekani. Mwandishi Bessie Head alizaliwa Afrika Kusini, akaenda Botswana 1964, akaishi Serowe miaka mingi, na huko ndiko alikofariki 1986, na nyaraka zake ziko palepale Serowe, kwenye makumbusho ya Khama III. Mtafiti wa Ulaya akimtaka Bessie Head anafunga safari yeye. Na alikuwa na tabia ya kuweka kopi za kaboni za barua alizotuma, kwahiyo pale Serowe unasoma alichoambiwa na alichojibu. Huyo mama hakuwa na hela, kuna miaka alikuwa anaishi kwa bustani yake, lakini karatasi ya kaboni aliweka kati ya karatasi mbili kila akiketi kwenye taipureta. Nikiwaza hilo huwa natulia kabisa.

Mama Majalada

Kiti cha Mbele nakuelewa na hasira yako ni ya haki, mimi mwenyewe nimeibeba. Ila nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilipokea maboksi manane ya mwalimu mmoja mwandishi kwa sherehe na hotuba. Nilifika pale baada ya miaka kadhaa nikakuta maboksi matano yako kwenye stoo ambayo bomba lilikuwa linavuja juu yake. Boksi la chini nililigusa likabaki mkononi kama mkate uliolowa. Wino ulikuwa umeyeyuka ukapaka kurasa zote rangi ya zambarau, ungeweza kuona kwamba hapa paliandikwa kitu, kusoma hapana. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, hapakuwa na mtu wa kuangalia, basi. Watoto wa yule mwalimu walikuwa wamekataa hela za nje ili vitu vibaki nyumbani.

Kwahiyo mimi nikiulizwa na familia wapeleke wapi, siangalii ni nchi gani kwanza. Nauliza: kuna mtu anayelipwa kuvitunza kila mwezi? Kuna orodha watakayoitoa watu waione? Paa likoje? Watatoa kopi za skani zirudi kwa familia na kwa chuo cha nyumbani? Za García Márquez, hao Texas wameweka kurasa zaidi ya 27,000 mtandaoni tangu 2017, mtu yeyote anasoma bila viza. Ukiweza kupata hivyo vyote nyumbani, peleka nyumbani, wala usifikirie mara mbili. Serowe wameweza. Afrika Kusini wana makumbusho ya fasihi ya Amazwi pale Makhanda, kazi yake ni hiyohiyo, kutunza miswada na barua za waandishi wao.

Ila mkataba uandikwe. Neno "nitairudisha" si mkataba.

Kiti cha Mbele

Sawa mama, hapo kwenye paa nimekuelewa. Ila na hao wenye paa zuri wajue wana deni.

Mkato na Nukta

Mleta mada nami niingie kwa upande wa vitendo maana nimefanya hii kazi ya kuchimba barua kwa miaka minne.

Ukishapata jina la mtu, usiishie Google. Hifadhi nyingi zimeweka miongozo yao mtandaoni, yaani orodha za kilichomo kwenye maboksi, ila kuna sehemu zinazokusanya miongozo ya hifadhi nyingi pamoja. Marekani kuna ArchiveGrid, kuna pia SNAC ambayo inakuonyesha huyu mtu ana nyaraka wapi na ametajwa kwenye mkusanyiko wa nani. Uingereza kuna Archives Hub na katalogi ya Discovery ya hifadhi yao ya taifa ya nyaraka. Ujerumani kuna Kalliope, hiyo ni kwa ajili ya barua hasa, unaweka jina la aliyeandika na aliyeandikiwa. Jaribu tahajia zote za jina, la kwanza mbele, la ukoo mbele, na makosa pia, maana aliyepanga boksi mwaka 1974 alisoma saini kwa macho yake akaandika alichoona. Mi nilimkosa mtu mwaka mzima kisa herufi moja, walimwandika na L badala ya R.

Ukifungua mwongozo wa mkusanyiko usitegemee kuona kila barua imeandikwa. Utakuta kitu kama hiki: "Boksi 7, folda 12, barua mbalimbali, M mpaka O, 1961 mpaka 1968." Mstari mmoja tu. Ndani ya folda hiyo zinaweza kuwa barua mia na ya mtu wako ni mojawapo. Hapo hakuna kompyuta itakayokusaidia, inabidi umwandikie mtu wa pale. Na ukimwandikia usiseme "naomba kila mlichonacho kuhusu fulani", sema hivi: naomba kujua kama boksi 7 folda 12 ina barua za fulani, kati ya mwaka huu na huu, anaweza kuwa alisaini kwa jina hili au hili. Hiyo mtu anafungua folda dakika kumi anakujibu. Mara tatu nimetumiwa skani bure kwa kuuliza vizuri tu.

Sasa kuhusu hilo sanduku ulilonalo. Usilipange upya tafadhali! Najua mkono unawasha kuziweka kwa tarehe. Mpangilio alioacha mwenyewe nao ni habari. Barua iliyokuwa ndani ya daftari namba 5 kati ya ukurasa 30 na 31 iliwekwa pale kwa sababu. Piga picha kila kitu kilivyo kabla hujagusa, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, sio juu ya barua. Bahasha usitupe, muhuri wa posta ndo tarehe yako pale mtu alipoandika "Jumanne" tu. Pini zenye kutu zitolewe taratibu, gundi ya plastiki usiikaribishe kabisa, karatasi iliyochanika iache imechanika mpaka mtaalamu aione.

Na kuhusu zama hizi mtu asidhani imeisha kwasababu tunaandikiana imeili. Nyaraka za Salman Rushdie zilipokwenda Chuo Kikuu cha Emory zilikuja na kompyuta zake, wakatengeneza utaratibu msomaji akae mbele ya skrini aone mafaili kama mwenyewe alivyokuwa anayaona kwenye Mac yake ya zamani. Sisi wengine tunabadilisha simu na miaka kumi ya maongezi inakwenda nayo.

Mwana wa Kurasa

Mkato na Nukta nimekaa kitako nimesoma mara mbili. Kosa moja tayari nimeshalifanya, nilizipanga kwa tarehe wiki ya kwanza. Picha za mwanzo ninazo kwenye simu kama ishirini hivi, nitarudisha ninachoweza.

Swali lingine, Mama Majalada ulisema tutarudia hakimiliki. Nikiipata barua kwenye maktaba naruhusiwa kuinukuu kwenye kitabu? Maktaba si ndo wenye nayo?

Mama Majalada

Hapana, na hapa wengi wanaumia. Maktaba ina karatasi. Maneno ni ya warithi wa aliyeandika. Ian Hamilton aliandika wasifu wa mwandishi wa Marekani J. D. Salinger, akatumia barua ambazo waliozipokea walizitoa kwa vyuo vikuu, Princeton, Harvard, Texas, yeye alikwenda akasoma kihalali kabisa. Salinger akaenda mahakamani na mwaka 1987 akashinda, kitabu kikazuiwa, na sio nukuu tu, hata pale Hamilton alipozisimulia kwa maneno yaliyokaribia mno ya Salinger. Ikabidi aandike kitabu kingine.

Kwahiyo kwa barua alizoandika mwandishi wako ruhusa ni ya watoto wake. Lakini kwa zile 214 zilizo kwenye sanduku, watoto wake hawawezi kukupa ruhusa! Hizo maneno ni ya marafiki zake na warithi wao. Huyo aliyesema ameisoma barua mara tatu, itabidi utafute watoto wake pia. Reading na Harry Ransom Center wana orodha yao ya pamoja mtandaoni inaitwa WATCH, inaonyesha nani ana hakimiliki ya mwandishi gani, anza hapo kwa wanaojulikana. Wasiojulikana utaandika barua za kawaida, kama wao walivyoandika.

Na kwakuwa utawatafuta warithi hao kwa ajili ya ruhusa, waulize hapohapo swali lako jingine: mzazi wenu aliacha sanduku?

Hamu ya Wino

Hiyo sentensi ya mwisho ya mama naiandika ukutani kwangu.

Mwana wa Kurasa

Wakuu narudi, imepita miezi mitatu na wiki moja. Nilisema nitaleta mrejesho.

Niliandika majina kama nilivyoelekezwa, yalitoka 61. Watu 38 waliandika mara moja au mbili. Wanne peke yao wameandika karibu nusu ya barua zote. Kwa mchapishaji nilifuatilia nani alimnunua nani mpaka nikafika kwenye hifadhi ya chuo kikuu kimoja, wana mafaili ila ya miaka hiyo bado hayajapangwa, wameniambia nisubiri na wameandika jina langu. Redio wamejibu, wana kandarasi mbili na barua moja fupi anauliza malipo yake, nimeipata skani. Mistari minne. Anauliza kwa upole sana. Ndo mara ya kwanza kuona anavyoandika tarehe na anavyoanza barua, na saini yake ina mkia unaorudi nyuma chini ya jina, nikaiangalia mchana wote.

Yule aliyeazima madaftari, namba 3 na 4, amefariki, nyaraka zake zipo kwenye maktaba nyingine na mwongozo unasema "madaftari mawili, mwandishi hajulikani". Nimewatumia picha ya hati ya mkono kutoka daftari namba 2 walinganishe. Nasubiri. Nikifanikiwa hata kwa hilo tu, kwamba boksi lile libadilishwe lebo liandikwe jina lake, nitashukuru.

Sasa yule rafiki wa "nimeisoma mara tatu". Nilimtafuta binti yake, ilinichukua wiki saba, nikamwandikia kuomba ruhusa ya kunukuu, na mwishoni nikauliza kama Mama Majalada alivyosema. Akanipigia. Anasema baba yake alikuwa anaweka barua anazozipenda ndani ya kitabu cha aliyeiandika, kwahiyo hakuna sanduku, ila kitabu kipo kwenye kabati. Nikamwomba akifungue nikiwa kwenye simu. Nilisikia anavyovuta kiti, nikasikia mlango wa kabati, halafu kimya. Akasema kuna karatasi mbili zimekunjwa, zipo kurasa za mwisho kabisa, juu imeandikwa tarehe 9.

Nimemwomba asizitoe kitabuni mpaka nifike. Nasafiri Alhamisi.